Kitanda cha Mtungi

Katika wodi ile ya watoto, aliyejua nani atapona na nani atakufa hakuwa daktari, wala hakuwa sista. Alikuwa Mwanabaraka, mke wa fundi cherehani wa Mandewa, na wala hakuwa mchoyo wa kusema. Binti yake Johari alikuwa amelala kitanda cha dirishani, surua inaelekea kumwisha, na yeye mwenyewe alikuwa na kanga safi kila asubuhi, mtu angedhani amekuja hospitali kutembea. Kina mama waliotoka vijijini, ambao waliona haya hata kuuliza choo kiko wapi, walimfanya ndiye mwenyeji wao. Yeye aliwaonyesha bomba la maji na jiko la kupikia uji, na akawafundisha wakati wa kumwomba sista kitu na wakati wa kumwacha. Basi alipowaeleza habari za kitanda cha mtungi, nani angembishia?

"Tazama pale mezani kwa sista," alimwambia Felista siku aliyofika na mwanawe mgongoni. "Unakiona kile chuma kirefu cheusi, kimesimama kama askari? Ndio mtungi. Una mpira. Mpira mtoto anatiwa puani. Mtoto akishatiwa ule mpira, shoga yangu, wewe anza kutafuta wa kumchimbia."

"Wote?" Felista aliuliza.

"Wote niliowaona mimi. Ule mpira unavuta roho kidogo kidogo, unaipeleka mle ndani. Kwani wewe unafikiri chuma chote kile kimejaa nini?"

Felista hakujua kimejaa nini. Alikuwa mwanamke wa kulima uwele na kuchunga mbuzi, na mwaka ule wa Operesheni Vijiji alikuwa amehamishwa na nyumba yake yote kutoka kwenye mji wa mkwewe hadi kijiji kipya, nyumba zimepangwa mistari, watu wamekaa karibu karibu hata kikohozi cha jirani unakisikia. Surua ilipoingia kijijini humo haikuhitaji kutembea sana. Ilipita mlango hadi mlango, na mlango wa Felista haikuuruka.

Antipasi, mwanawe wa pekee, alikuwa mtoto wa kukimbiza ndama. Sasa alikuwa amelala na vipele vikibabuka, kifua kinapanda na kushuka haraka haraka, mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi. Felista alimlaza kitanda cha pembeni, akajisogeza upande ule ambao mtungi hauonekani.

Usimcheke Mwanabaraka, msomaji. Hakusema uongo. Watoto waliolazwa kitanda kile wengi walitoka wamefunikwa shuka hadi usoni, na wale wa dirishani wengi walitoka kwa miguu yao. Hilo aliliona kwa macho yake mawili.

* * *

Asubuhi iliyofuata sista Rahabu, Mnyiramba wa Kinampanda, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha punda, alipita kitanda hadi kitanda. Kwa Antipasi alisimama zaidi ya kawaida. Alimfunua kifua, akamtazama kucha, akamwita daktari. Daktari akasikiliza mgongo, akasema maneno mawili kwa Kiingereza, akaenda zake.

"Mama, mlete mtoto huku," Rahabu akasema, na tayari alikuwa anaelekea mezani.

Felista alishika ukingo wa kitanda. "Sista, hapa panatosha. Pana hewa nzuri."

"Hewa ya hapo haimtoshi. Mlete."

"Sista, nakuomba. Mpige sindano hata kumi, lakini kule usimpeleke."

Rahabu alirudi, akamtwaa mtoto mwenyewe, akamlaza kitanda cha mtungi, akaupitisha mpira puani na kuubandika plasta shavuni. Kisha akafungua koki juu ya mtungi na sauti ya kufoka ikaanza, ile sauti ambayo kina mama waliijua na hawakuipenda. Felista alifuata nyuma.

Kilichomuuma zaidi si sista. Ni wenzake. Sufuria yake ambayo Mwanabaraka aliiazima tangu jana ilirudishwa, imesuguliwa hadi inang'aa, ikawekwa chini ya kitanda bila neno. Mwanamke mmoja ambaye hata hawajajuana alimletea kikombe cha uji na kusema, "Pole sana, mama," kwa ile sauti ya msibani. Mwingine alikuja akamshika mkono kwa mikono miwili. Mtoto wake alikuwa anapumua, macho anafumbua, na watu walikuwa wameshamfanyia matanga. Felista alikunywa uji ule kwa sababu kuukataa kungekuwa utovu wa adabu.

Mchana, jua likiwa kali na wazazi wengi wako nje wanapika, Rahabu aliitwa wodi ya pili kwa haraka. Felista akatazama kushoto, akatazama kulia. Akasema moyoni, kama roho inavutwa, basi mimi mama yake ndiye wa kuikatiza. Akabandua plasta, akauchomoa mpira.

Mwanzoni hakuona kitu. Antipasi alikohoa kidogo, akatulia, na Felista akataka kucheka kwa furaha. Halafu midomo ya mtoto ikaanza kubadilika. Ikawa na rangi ya zambarau, kama ya mtu aliyekula zambarau bila kunawa, na kucha nazo zikafuata. Pua zikacheza. Macho yakageuka juu.

"Antipasi! We Antipasi!"

Alijaribu kuurudisha mpira ukagonga shavu, akajaribu tena ukaingia. Akaushikilia palepale kwa vidole, maana plasta ilikuwa imekunjamana haishiki, akawa anaita jina la Bwana na jina la mama yake mzazi kwa pamoja. Akatazama. Rangi ya zambarau ilikuwepo bado, ikaendelea kuwepo, kisha ikaanza kuondoka kutoka pembeni kuja katikati, polepole, mpaka midomo ikawa midomo ya mwanawe.

Rahabu alimkuta hivyo hivyo, amepiga magoti, vidole puani mwa mtoto.

"Nani ametoa plasta?"

"Mimi." Felista hakuwa na nguvu za kutunga uongo. "Nimeutoa mpira, sista. Niliambiwa unaua."

Alingoja kofi au kufukuzwa. Rahabu alikata plasta mpya, akabandika, akamtazama mtoto kwa makini, ndipo akamtazama mama. Hasira ilikuwepo usoni mwake, hakuificha.

"Ulipoutoa, umeona nini?"

"Midomo iligeuka."

"Na ulipourudisha?"

"Ikarudi."

"Basi umeona ninachokiona mimi. Usirudie."

Swali lilikuwa limemkaa Felista kifuani, akaona bora aaibike mara moja kuliko mara mbili. "Kama unasaidia, sista, mbona wanaolala hapa wanakufa?"

Rahabu alikuwa ameshageuka kuondoka. Alirudi, akaketi ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo hakuna mama aliyewahi kumwona akilifanya.

"Mtungi ninao mmoja, mama. Mtoto anayepumua vizuri nimlete hapa wa nini? Nawaleta walioshindwa. Wengine nawachelewa. Hao mliowaona wakifa, bila mtungi wangekufa hata kabla hamjawaona." Akamnyooshea mtoto shuka. "Wapo pia waliopona. Ila aliyepona naye anahamishiwa dirishani, nyinyi mnasema kitanda cha dirishani kina baraka."

Akaenda zake. Felista alibaki pale anatazama upande wa dirisha, ambako Mwanabaraka alikuwa anamsuka Johari nywele.

* * *

Siku ya pili yake lori la ushirika likaingia uani, na ndani yake, juu ya magunia, walikuwa Alute mume wake na Bibi Marietha, mama mkwe. Habari zilikuwa zimefika kijijini kwamba mtoto ametiwa mpira.

Felista alipiga goti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Bibi Marietha hakumtazama. Alikuwa amemkazia macho Antipasi, na mkononi alikuwa na kikapu chenye unga juu na majani ya mlenda. Alipokiweka chini kikalala upande, unga ukasogea, Felista akaona chini yake kitambaa cheupe kipya, kimekunjwa vizuri. Hakuuliza ni cha nini.

"Mfungie nguo zake," bibi akasema. "Lazaro dereva anashusha mtama tu, anageuza."

"Twende naye wapi, mama?"

"Nyumbani. Kule mahame, kwenye mji wetu wa zamani, alikolala babu yake. Nimeshaongea na katibu wa kijiji, hakupenda, lakini amenyamaza." Sauti ilimkwaruza. "Kile kijiji chenu kipya hakina kaburi hata moja. Sitaki mjukuu wangu awe ndiye wa kukifungulia. Mtoto peke yake katika uwanja mtupu, hana hata mtu wa kumsalimia!"

"Mama, bado anapumua."

"Ndiyo maana tumekuja leo. Lazaro amesema wazi, mgonjwa anabeba, maiti habebi. Akifia hapa, nani atamtoa? Watamzika nyuma ya hospitali na watu tusiowajua."

Hapo Alute akaangalia chini. Alikuwa mtu wa maneno machache, mpasuaji wa magogo ya mizinga ya nyuki, na mbele ya mama yake maneno yale machache nayo yalipungua. Felista alielewa kwamba wamekwisha kukata shauri njiani.

Rahabu alikuja kwa kusikia zogo. Bibi Marietha alimkabili, na kwa urefu walikuwa sawasawa.

"Binti yangu, mimi ni mtu mzima, usinizungushe. Niambie neno moja. Huyu mtoto atapona au hatapona?"

"Bibi, hali yake ni mbaya. Jana na leo haijazidi kuwa mbaya."

"Sikukuuliza jana. Atapona?"

"Sijui, bibi."

"Sijui!" Bibi akawageukia kina mama wote waliokuwa wanasikiliza huku wanajifanya hawasikilizi. "Amesoma, amevaa viatu vyeupe, hajui! Mwanamke wa pale dirishani amenieleza mlangoni bila kusoma hata ukurasa mmoja. Yeye anajua!"

Mwanabaraka alijitia kumfunika mtoto. Nje lori likapiga honi. Alute akainama, akaanza kukusanya kanga na sufuria.

"Iache sufuria," Felista akasema.

Alisema kwa sauti ndogo, macho ameyaelekeza sakafuni kama inavyompasa mke mbele ya mkwewe, lakini kila mtu alimsikia. "Hapandi lori."

"Unasemaje wewe?"

"Nisamehe, mama. Nilikuja kwako msichana, sijawahi kukujibu. Leo nakujibu. Ule mpira mimi niliutoa kwa mkono wangu, nikamwona mwanangu anakufa. Nikaurudisha, nikamwona anarudi. Sikuambiwa na mtu. Ukimpandisha lori bila mpira, hata hapo kwenye kona ya soko hamfiki naye. Kama ni kumzika, mtamzika. Lakini mtakuwa mmemuua nyinyi, na mimi nitasema hivyo mpaka nakufa."

Lo! Mwanamke wa Kinyaturu kumwambia mkwe maneno hayo, mbele ya watu, katika jengo la watu! Mama mmoja alifunika mdomo kwa kanga. Bibi Marietha alimkata jicho la kumchana, kisha akamgeukia mwanawe, kwa kuwa hapo sasa mwenye kusema alikuwa mwanamume.

Alute alikuwa bado ameshika sufuria. "Uliona midomo?" akamuuliza mkewe.

"Niliona, Baba Antipasi."

"Ikarudi?"

"Ikarudi."

Alute alikumbuka labda wale mbuzi wao wachanga wa msimu wa mvua, jinsi mkewe alivyokuwa akikinyanyua kitoto ambacho kila mtu amekikatia tamaa, akakipuliza pua na kusema hiki kitasimama. Au hakukumbuka kitu. Aliirudisha sufuria chini ya kitanda, akatoka nje, na wote wakamsikia akisema, "Lazaro, mimi narudi peke yangu. Nina paa la kumalizia."

Bibi Marietha hakutoka. Alitandika mkeka wake sakafuni kando ya kitanda, mbali na mtungi kadiri nafasi ilivyoruhusu, akakikumbatia kikapu chake.

"Nitakaa," akasema. "Akifa, mtajua wenyewe mtakavyotubeba wote wawili."

* * *

Alikaa kweli. Siku ya kwanza hakusema na mkwewe hata neno, na kila mtungi ulipofoka alijipiga ishara ya msalaba. Siku ya pili aliuliza, bila kumtaja anayemuuliza, "Ni midomo tu mnatazama, au na kucha?" Felista akamjibu ni vyote. Tangu hapo bibi alitazama. Alitazama kuliko anavyotazama mchungaji, mchana kutwa, na kwa macho yake ya uzee alikuwa anayaona mabadiliko kabla ya Felista. Mara mpira ulijikunja, akapiga kelele hadi Rahabu akaja mbio. Mara mfagiaji alitaka kupita juu ya mpira, akafukuzwa kwa fagio lake mwenyewe. Mkeka ulikuwa umesogea ukaegemea mtungi, na hakuna aliyejua umesogea lini.

Na Antipasi? Antipasi alifanya kazi yake. Mbavu zikaacha kuzama. Asubuhi moja akafumbua macho, akamwona bibi yake chini, akasema kwa sauti kavu, "Bibi, ndama wangu amefungwa?"

Bibi Marietha akainuka, akaenda hadi ukutani, akawapa watu mgongo, mabega yakimcheza. Aliporudi alitia mkono kikapuni, akatoa kile kitambaa cheupe, akakipeleka moja kwa moja dirishani kwa Mwanabaraka.

"Mume wako si fundi?" akasema. "Amshonee huyu mtoto shati. Liwe kubwa, anakua."

Mwanabaraka alikijua kile kitambaa ni cha nini. Alikipokea kwa mikono miwili.

* * *

Laiti mambo yangeishia hapo. Lakini homa ya Johari, iliyokuwa imekwisha kuaga, ilirudi, na safari hii ilikwenda kukaa kifuani. Kufikia adhuhuri mtoto yule aliyekuwa anasukwa nywele alikuwa anahema mdomo wazi, na Rahabu alikuwa amesimama kati ya vitanda viwili, anatazama huku, anatazama kule. Mtungi ulikuwa ule ule mmoja.

"Mama Antipasi," akasema, "nataka nimtoe wako. Naona yuko tayari. Ila siku moja zaidi ingekuwa bora, sitakudanganya."

Felista aliushika ule mpira. Naam, yeye, aliyeuchomoa kwa hofu, sasa aliushika kwa hofu, na mkono ulikataa kuuachia. Alijiambia siku moja tu, si kitu, siku moja tu. Toka upande wa dirisha alisikia pumzi za Johari. Zilikuwa zile zile alizokuja nazo Antipasi mgongoni kwake. Akauachia mpira.

Rahabu alibandua plasta. Wakatazama wote watatu, sista, mama na bibi, vichwa vimekaribiana. Midomo ya mtoto ilitulia na rangi yake. Wakangoja. Ikaendelea kutulia.

"Imekaa," akasema Bibi Marietha.

"Imekaa," akasema Felista, akamnyanyua mwanawe, akampeleka kitanda cha pembeni, kisha akaenda dirishani.

Mwanabaraka alikuwa amejifunga kwenye kile kitanda kwa mikono na miguu. Kanga imemdondoka, hakuiokota. "Simpeleki! Hapa ndipo wanapopona! Msinitoe hapa, jamani!"

"Dada, mimi nilitoka pale."

"Wewe una bahati yako."

"Sina bahati. Niliurudisha mpira, basi. Nipe mtoto."

Walitazamana. Hakukuwa na mama hata mmoja aliyerudisha sufuria ya mtu. Vidole vya Mwanabaraka vililegea kimoja kimoja. Felista akambeba Johari kifuani mwake mwenyewe, mtoto wa moto kama mkate, akamlaza pale, na Rahabu akapitisha mpira. Mtungi ukafoka.

"Niambie ukweli," Mwanabaraka akanong'ona, amemng'ang'ania mkono. Yule mwanamke aliyekuwa akijua kila kitu. "Felista, wewe umeshaona. Atapona?"

Felista alitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa mdomoni, tamu, na lingempa mwenzake usingizi. Akamtazama sista Rahabu, ambaye alikuwa anakunja plasta na hakuinua kichwa.

"Sijui," akasema. "Lakini sasa hivi midomo inarudi. Tazama."

Wakasikia kitu kinaburutwa sakafuni. Bibi Marietha alikuwa anaurudisha mkeka wake kando ya mtungi, anamsukuma Mwanabaraka kwa kiwiko.

"Sogea huko," akasema. "Wewe kutazama bado hujajua."